Weldi ya MIG yenye vitundu: kabla hujaongeza gesi, pima inayotoka mdomoni

Jirani yangu alikuja jioni moja na kipande cha skwea tyubu mkononi. "Shikamoo mzee. Hebu niangalizie hii, mashine imenishinda." Nikakigeuza kwenye mwanga. Mshono ulikuwa na sura ya chila inapotoka jikoni: vitundu vidogo vidogo juu, vingine vinaingiza ncha ya msumari. MIG huchoma kwa waya unaojitoa wenyewe kwenye tochi, na gesi hufunika chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Nikamuuliza gesi ameweka lita ngapi kwa dakika. "Nilianza na 12, nikapandisha 18, sasa iko 25. Bado."

Kesho yake tukaipima gesi pale inapotokea, kwenye nozeli, ule mdomo wa tochi. Saa ya mtungini inasema 25, nozeli inatoa lita 4 na nusu kwa dakika. Nyingine yote ilikuwa inavujia ndani ya mashine, kwenye oringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyopasuka pale tochi inapochomekwa. Tukaweka oringi mpya, akachoma kwa matumaini, na vitundu vikarudi vilevile! Safari hii zile 25 zilikuwa zinafika kweli, na 25 kwa nozeli ndogo ni fujo tupu. Tuliposhusha hadi 12, mshono ukatoka safi.

Saa ya mtungini inakuambia kilichotoka mtungini. Kilichofika kwenye weldi haikijui. Halafu gesi iliyozidi na gesi iliyopungua zinaacha alama ileile, kwa hiyo ukitazama vitundu peke yake huwezi kujua uko upande gani. Ndiyo maana mtu anazungusha kitasa siku nzima na mtungi unaisha bila geti kukamilika.

Kiasi cha kuanzia

Nazungumzia kazi za gereji ya nyumbani: chuma cha kawaida cha milimita 1.5 hadi 5, waya mtupu usio na dawa ndani wa 0.8 au 1.0, na gesi ya kaboni dayoksaidi tupu au mchanganyiko wa argoni na kaboni dayoksaidi. Kama hakuna upepo, anza na lita 10 hadi 12 kwa dakika. Ukifika 15 uwe na sababu.

Mafundi wana kanuni mbili za kichwani. Ya kwanza ni unene wa waya mara kumi: waya wa 0.8 lita 8, wa 1.0 lita 10. Hicho nakichukulia kuwa kiwango cha chini. Ya pili ni kwamba kipenyo cha ndani cha nozeli kwa milimita ndiyo lita zako: nozeli ya milimita 12, lita 12. Hii naiamini zaidi, kwa sababu inaeleza kwa nini kuzidisha kunadhuru. Fungua bomba la maji polepole, uone uzi wa maji unavyoshuka kama kioo. Fungua zaidi, unakuwa mweupe na unarukaruka kwa sababu umeshachanganyika na hewa. Gesi ikisukumwa kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba nayo inajizungusha, na ikijizungusha inavuta hewa ya pembeni. Naitrojeni ya hewa inazama kwenye chuma kilichoyeyuka, chuma kikianza kuganda inatafuta pa kutokea. Hivyo ndivyo kitundu kinavyozaliwa.

Kabla ya lolote, angalia unasoma skeli ipi. Saa nyingi zinazouzwa madukani zina skeli mbili, moja ya lita kwa dakika na nyingine ya futi za ujazo kwa saa, inayoandikwa CFH. Video za mafundi wa Marekani zinasema weka 25, na wao wanamaanisha CFH, ambayo ni kama lita 12. Wewe ukiweka 25 kwenye skeli ya lita, umeweka zaidi ya mara mbili. Wapo pia waliokosea kinyume: wanasoma 12 kwenye CFH wakidhani ni lita, kumbe wanapata chini ya lita 6. Jirani yangu ile 25 aliishia kuiamini kwa sababu ya video.

Saa inavyodanganya

Regulata, kile kifaa cha mtungini chenye saa na kitasa, ni za aina mbili. Moja ina kibomba cha kioo chenye kigololi kinachopanda, na hapo unasoma katikati ya kigololi. Kibomba lazima kisimame wima, kikilala upande kigololi hakisemi kweli. Nyingine ina saa mbili za mshale, ya shinikizo la mtungi na ya lita. Ya pili hii ndiyo rahisi na ndiyo iliyojaa mitaani, na ina kasoro ambayo muuzaji hakuambii: ile saa ya "lita" inapima shinikizo lililo nyuma ya tundu dogo, basi. Mpira ukiziba mbele yake, mshale unabaki palepale umesimama kwenye 12 huku nozeli haitoi hata pumzi.

Hilo lilinikuta mwenyewe. Niliacha mashine kama mwezi hivi, mpira wa gesi nikiwa nimeuchomoa na kuutundika ukutani. Nilipoirudia, saa inaonyesha 12, vali ya gesi ndani ya mashine inalia "ta" ninapobonyeza, waya unatoka, lakini weldi ni majivu. Nikabadilisha tipu, ile ncha waya unapopitia, nikabadilisha nozeli, nikailaumu gesi na aliyeniuzia. Mwishowe nikauchomoa mpira na kuupuliza kwa mdomo, haupiti. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo walikuwa wameweka nyumba humo ndani, pamoja na buibui wa kumlisha mtoto. Tangu siku hiyo mpira wangu ukichomolewa hufungwa kitambaa mdomoni.

Kupima bila kifaa

Kuna kibomba cha plastiki chenye kigololi cha kuweka juu ya nozeli, bei yake si kubwa. Ukikiona, nunua. Usipokipata, dumu la mafuta ya kupikia la lita 5 linatosha.

Lijaze maji kwa jagi la lita ili ujue linachukua kiasi gani mpaka mdomoni, maana mengi huzidi 5 kidogo. Tafuta kipande cha mpira kinachobana nozeli kwa nje, ukifunge kwa klipu. Ondoa klempu ya ethi kwenye chuma, legeza roli zinazosukuma waya ili usitoke, na waya uliobaki ukate usiguse chochote, kwa kuwa ukibonyeza swichi tochi inakuwa na umeme. Kama mashine ina kitufe cha kujaribu gesi, tumia hicho. Jaza dumu pomoni, lizibe kwa kiganja, ligeuze ndani ya beseni la maji, kisha ingiza ncha ya mpira mdomoni mwake. Tochi yenyewe iwe juu ya usawa wa maji, isije ikanywa. Mwenzako anabonyeza, wewe unashika saa ya simu. Gesi itayasukuma maji yote nje.

Lita 5 zikitoka kwa sekunde 30, una lita 10 kwa dakika. Sekunde 25 ni lita 12, sekunde 20 ni 15. La jirani yangu lilikuwa la lita 5.3 na lilichukua dakika moja na sekunde kumi. Hapo hakuna tena cha kubishana.

Wengi hupima kwa kusogeza nozeli shavuni. Shavu litakuambia kama gesi ipo au haipo. Kati ya 6 na 12 halina la kusema.

Vitundu mshono mzima

Kipimo cha mdomoni kikiwa chini sana ya saa, gesi inapotea njiani. Anza karibu na weldi urudi nyuma. Vua nozeli utazame ndani: cheche zilizoganda hujenga ukuta, na vile vitundu vya pembeni vya kisambaza gesi, kile kinachoshika tipu, huziba kimoja kimoja. Vikibaki viwili kati ya vinne, gesi inatokea upande mmoja tu na weldi inakuwa nzuri ukienda kulia, mbaya ukienda kushoto. Dalili hiyo ukiiona usitafute pengine. Safisha kwa koleo na waya mwembamba. Mafuta ya kuzuia cheche husaidia, lakini ukitumbukiza tochi nzima kwenye kopo, mafuta yenyewe yataziba.

Kisha oringi kwenye shina la tochi. Ni kitu cha senti chache na joto letu huikausha ikapasuka. Ubaya wake ni kwamba pengo hilo linapoteza gesi na pia linaweza kuvuta hewa ikaingia kwenye mkondo, kwa hiyo hata lita zikitosha gesi imeshachafuka. Baada ya hapo viungo vya mpira nyuma ya mashine, ambavyo kwenye mashine za bei rahisi mara nyingi ni klipu ya waya iliyolegea.

Kipimo cha mdomoni kikiwa sawasawa na vitundu vipo, tazama mkono wako. Nozeli iwe milimita 10 hadi 15 kutoka kwenye chuma. Ukiinyanyua hadi 25 kwa sababu kofia haionyeshi vizuri, hakuna lita zitakazokuokoa. Na usiilaze sana: mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, ukizidi gesi inatoka kama ufagio na hewa inaingia kwa nyuma.

Na upepo. Hapa pwani huyu ndiye mwizi mkuu. Upepo wa mita 2 kwa sekunde, ule unaotikisa majani na kupuliza uso kidogo tu, unatosha kuondoa gesi juu ya weldi. Asubuhi naunganisha bila shida, saa nane mchana upepo wa bahari unaingia na kila kitu kinageuka. Kusi ikivuma ndiyo kabisa. Watu huongeza gesi kushindana nao. Kuongeza kidogo, toka 12 hadi 15, husaidia, zaidi ya hapo unalisha upepo. Simamisha bati au plaiwudi upande unaotokea upepo, au kaa wewe mwenyewe uwe ukuta. Kagua pia feni. Niliwahi kuona mtu amefunga mlango na madirisha yote kuzuia upepo, huku feni ya mashine yenyewe inapuliza moja kwa moja kwenye kazi kutoka mita moja.

Kufunga kila kitu nako si salama. Kaboni dayoksaidi na argoni ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na kama gereji yako ina shimo la kukagulia magari ndimo zinamojikusanya. Kaboni dayoksaidi kwenye moto wa weldi hutoa pia kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Acha mlango wazi na uzuie upepo pale kwenye kazi.

Vitundu mwanzoni tu

Sentimita moja ya kwanza ni chila, baada ya hapo safi. Ukiwa hujabonyeza, mpira kati ya mtungi na mashine unajaa shinikizo. Ukibonyeza, gesi inatoka kwa kishindo, utaisikia "pfuu", na huo mpasuko wa sekunde moja unavuta hewa. Mpira mrefu na mnene ndio mbaya zaidi. Ufupishe, weka mwembamba, au kama mashine ina mpangilio wa kutanguliza gesi kabla ya moto, upe nusu sekunde. Mimi nabonyeza mara moja hewani, naukata waya uliotoka, kisha naanza kazi.

Shimo mwishoni

Kila mshono unaishia na kitundu kimoja katikati ya kishimo. Unaachia swichi na kuondoa mkono papo hapo kwenda kuangalia kazi yako. Chuma bado ni chekundu na umeshakivua nguo. Achia swichi, tulia hapohapo sekunde moja au mbili gesi imalizie.

Inaanza vizuri, baada ya dakika kadhaa inaharibika

Kama unatumia kaboni dayoksaidi tupu, gusa regulata. Ikiwa na ukungu mweupe wa barafu, ndiyo, barafu, Tanga, mwezi wa pili, umepata jibu. Gesi hii imo mtungini ikiwa kimiminika, inapogeuka kuwa gesi na kutanuka inafyonza joto. Ukichoma mfululizo kwa lita nyingi, regulata inaganda, njia inasinyaa na lita zinashuka zenyewe. Punguza lita, pumzisha kazi, au tumia regulata yenye hita. Hita nyingi za kutoka China ni za volti 36 na plagi yake inaingia kwenye tundu dogo nyuma ya mashine. Ukiichomeka kwenye umeme wa nyumbani itaungua mara moja, kwa hiyo soma kibandiko kwanza, maana za volti 220 nazo zipo.

Barafu ikija haraka mno, hata kwa lita 10, ulizia historia ya mtungi. Mitungi iliyotokana na vizima moto ina bomba ndani linaloshuka mpaka chini, kwa hiyo ukiusimamisha unatoa kimiminika badala ya gesi. Regulata haikutengenezwa kwa hilo. Mtungi wa kawaida uliolazwa chini nao unafanya hivyohivyo. Usimamishe na uufunge mnyororo.

Kama gesi ni ya mchanganyiko, barafu si tatizo. Rudi kwenye nozeli, cheche zimejaa.

Mtungi unaisha upesi

Mtungi wa mchanganyiko ni rahisi kuhesabu, shinikizo linashuka sawasawa na matumizi. Mtungi wa lita 10 uliojazwa bar 150 una kama lita 1,500 za gesi. Kwa lita 12 kwa dakika unachoma dakika 125 za moto wenyewe, na kwa kazi ya geti hizo ni nyingi.

Kaboni dayoksaidi ni hadithi nyingine. Saa yake inakaa karibu bar 57 kwenye nyuzi 20, na kwenye nyuzi 30 inapanda hadi 72 hivi, haijalishi umeshatumia kiasi gani, ilimradi kimiminika bado kimo ndani. Inaanza kushuka kimiminika kikiisha. Kwa hiyo upime kwa mizani. Kilo moja inatoa kama lita 540, mtungi wa kilo 5 unakaribia lita 2,700, ambazo kwa lita 12 ni zaidi kidogo ya saa tatu na nusu za moto. Muuzaji akikuonyesha mshale kama ushahidi kwamba amejaza, mwombe mizani.

Ukiona hesabu zako na mtungi havikubaliani, fungua mtungi, jaza shinikizo, kisha funga vali ya mtungi bila kubonyeza tochi. Angalia mshale wa shinikizo baada ya robo saa. Ukishuka, kuna uvujaji kati ya mtungi na vali ya umeme ya mashine, na povu la sabuni litakuonyesha wapi. Pale regulata inapokutana na mtungi, kuzungushia utepe wa mabomba hakusaidii: kinachoziba pale ni wosha au koni iliyo ndani, nati inakaza tu. Badilisha wosha.

Mshale ukitulia lakini gesi inapotea unapochoma, uvujaji uko mbele ya vali, na unarudi kwenye ile oringi.

Vitundu ambavyo gesi haina hatia

Kutu, rangi, mafuta na unyevu hutoa gesi zao wenyewe chini ya weldi. Piga grinda mpaka chuma king'ae, sentimita mbili kila upande. Bomba lenye zinki ni hivyohivyo, na moshi wake mweupe ni wa kuogopa kwa sababu ya mwili wako kuliko mshono: saa chache baadaye inakuja homa, baridi na maumivu ya viungo, mtu anakwenda kupima malaria na haionekani. Maziwa hayazuii, ingawa kila gereji itakuapia. Ondoa zinki, kaa upande unaotoka upepo, vaa barakoa ya kweli.

Cha mwisho, mtu aliyekuwa anatumia waya wa dawa usiohitaji gesi, akanunua mtungi na waya mtupu, akafunga kila kitu sawasawa na kusahau kugeuza nyaya. Waya wa dawa mara nyingi huchomwa tochi ikiwa hasi, waya mtupu tochi iwe chanya. Asipogeuza, moto unatema, mshono unakaa juu kama kamba, vitundu vinakuwepo, na anazungusha kitasa cha gesi mpaka usiku. Fungua kifuniko cha mashine, mchoro uko ndani ya mlango.